Moshi hauivishi nyama: Pitisha waya wa kipimajoto ipasavyo

JUMATATU moja asubuhi, kabla sijaketi vyema, watu watatu wa jamii moja waliingia katika kliniki yangu jijini Nairobi. Baba, mwenye umri wa miaka 38, alikuwa ameshika tumbo. Bintiye wa miaka minane alikuwa na homa kali. Nyuma yao alifuata nyanya mwenye miaka 71, akiegemea fimbo, midomo imemkauka na macho yameingia ndani. Wote walikuwa wakihara na kutapika tangu alfajiri ya Jumapili.

"Juzi mlikula nini?" nikauliza, kama anavyouliza daktari yeyote katika hali hiyo.

"Kuku wa moshi, daktari," baba akajibu. "Lakini si huyo aliyetudhuru. Nilimpima mwenyewe. Kipimajoto kilisoma digrii 80."

Nyanya akatikisa kichwa. "Nilimwambia moto haupimwi kwa waya," akasema kwa sauti dhaifu. "Akanicheka."

Nyanya alilazwa siku mbili akitiwa maji kwa dripu. Uchunguzi wa choo ulionyesha viini vya salmonela, ambavyo hupatikana sana katika kuku asiyeiva. Kwa bahati nzuri wote walipona, na baba huyo ameniruhusu kusimulia kisa chake mradi nisimtaje jina.

Jumamosi iliyofuata nilipita kwake kuliona tanuri lenyewe. Lilikuwa pipa lililokatwa na fundi wa jua kali, likatiwa mlango, wavu wa chuma na bomba la kutolea moshi. Kipimajoto nacho kilikuwa kizuri: sindano ya chuma iliyoungwa kwa waya mrefu na kisanduku kidogo kinachoonyesha tarakimu. Kasoro ilikuwa moja tu. Pipa halikuwa na tundu la waya, kwa hivyo mwenye nyumba aliupitisha ukingoni mwa mlango na kuubana hapo.

Matokeo yake yalikuwa haya. Kila alipofungua mlango kumpaka kuku viungo, waya ulivutwa na sindano ikachomoka kidogo. Baada ya kufungua mara nne au tano, ncha haikuwa tena katikati ya paja. Ilikuwa imebaki chini ya ngozi, mahali penye joto kali. Digrii 80 alizoziona zilikuwa za kweli, ila zilikuwa za ngozi. Nyama iliyo karibu na mfupa, ambako joto hufika mwisho, haikupimwa na mtu.

Nyanya alilaumu waya. Mimi nalaumu njia uliyopitishwa. Maadamu watu wengi mijini sasa wanajipikia nyama na samaki kwa moshi nyumbani, yafaa tulizungumze jambo hili kwa kina.

Rangi na moshi hudanganya

Wengi wetu tulifunzwa kuitazama nyama. Ikiwa nyekundu ni mbichi, ikiwa kahawia imeiva. Katika kuchoma kwa kawaida kanuni hiyo husaidia kidogo, lakini katika tanuri la moshi haifai kabisa. Moshi huigeuza ngozi ya kuku kuwa ya dhahabu ilhali ndani bado ni mbichi. Kinyume chake, gesi zilizomo katika moshi huifanya nyama iliyoiva vizuri ibaki na utepe wa waridi karibu na ukingo. Kwa hivyo aliye makini hutupa nyama nzuri, na asiye makini hula mbichi.

Jambo la pili ni mwendo. Nyama ya kuchoma hukaa juu ya makaa makali kwa muda mfupi. Nyama ya moshi hupashwa polepole kwa saa nyingi. Viini vingi vya maradhi hustawi kati ya digrii 5 na 60 za Selsiasi. Tanuri likiwa baridi mno, nyama hukaa katika joto hilo kwa muda mrefu, na viini huongezeka badala ya kufa. Inashauriwa nyama isichukue zaidi ya saa nne kulivuka eneo hilo. Ndiyo sababu nyama iliyoganda iyeyushwe kabisa ndani ya friji kabla ya kutiwa tanurini, na hewa ya ndani ya tanuri iwe na digrii zipatazo 110 hadi 150.

Pengine utauliza: mbona samaki wa moshi kutoka Ziwa Victoria wameliwa miaka na mikaka bila vipimajoto? Jibu liko jikoni. Mbuta aliyekaushwa kwa moshi aghalabu huchemshwa tena katika mchuzi kabla ya kuliwa, na mchemko huo huua viini vingi. Kuku wa tanuri la nyumbani hutoka kwenye wavu moja kwa moja hadi kwenye sahani, na hakuna moto mwingine wa kumwokoa mlaji.

Tundu la waya

Usiupitishe waya mlangoni. Kwanza, mlango huukata. Waya wa kipimajoto kwa kawaida huwa umefunikwa kwa nyuzi za chuma zilizosukwa, lakini ndani yake mna nyaya nyembamba sana. Zikibanwa na kukunjwa kila mara, tarakimu huanza kurukaruka au kusoma visivyo. Pili, mlango hubaki wazi kidogo. Hewa huingia, mkaa huwaka kuliko unavyotaka, na moshi huvuja. Tatu, waya huvutwa kila unapofungua, kama ilivyotokea kwa rafiki yangu.

Usiupitishe katika bomba la moshi vilevile. Hapo pana joto na masizi ya kunata yatakayouchafua waya na kisha kudondokea chakula.

Njia bora ni kutoboa tundu dogo ubavuni mwa tanuri, karibu na usawa wa wavu, upande ulio mbali na moto. Upana wa takriban sentimita moja hutosha sindano mbili kupita, moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwa fundi yeyote mwenye keekee. Mwambie alainishe kingo za tundu kwa tupa, kwani bati lililotobolewa huwa na meno makali kama kisu. Kisha tundu livishwe kizibo cha silikoni ya kuvumilia joto, ile inayotumiwa kwa vyombo vya chakula, au kipande kifupi cha bomba la chuma kisichoshika kutu. Mpira wa kawaida usitumiwe, kwani huyeyuka na kutoa mafusho mabaya.

Ndani ya tanuri, waya upite juu ya wavu na usining'inie karibu na mkaa wala mwali. Kila waya una kikomo cha joto ambacho huandikwa katika maelekezo yake, nawe ukifuate. Acha urefu wa kutosha ndani ili nyama iweze kugeuzwa bila kuivuta sindano. Nje, acha waya uning'inie chini kidogo kuliko tundu kabla ya kupanda kwenye kisanduku. Maji ya mvua au mafuta yakiteremka juu yake, yatadondoka hapo chini badala ya kuingia katika mtambo.

Na kabla ya kutoboa, uliza pipa lilibeba nini. Pipa lililowahi kuwa na dawa za wadudu, rangi au kemikali za kiwandani lisitumiwe kwa chakula hata likioshwa namna gani. Epuka pia mabati na nyavu zilizopakwa zinki, kwa sababu zikipata moto mkali hutoa mafusho yanayoweza kumtia mtu homa na kikohozi.

Sindano ikae wapi

Ukiweza, tumia sindano mbili. Moja ipime hewa ya tanuri, ikae kwenye usawa wa wavu, sentimita tano hivi kutoka kwa nyama. Saa iliyobandikwa juu ya mlango husoma joto la mlangoni tu, na nyama haipikwi mlangoni.

Sindano ya pili iingie ndani ya nyama yenyewe, mahali pake panene kabisa. Kwa kuku mzima, ni ndani ya paja karibu na kiungo, bila kugusa mfupa. Isipenye hadi katika uwazi wa tumbo, kwa kuwa hapo itapima hewa. Kwa kipande cha nyama ya ng'ombe au nguruwe, ncha ifike katikati. Kwa samaki, iingie kwenye mnofu mnene nyuma ya kichwa.

Ukishaona kiwango unachotaka, usiamini mara moja. Chomoa sindano, uioshe, uichome mahali pengine pawili. Tarakimu ndogo kuliko zote ndiyo ya kufuata.

Viwango vya kukumbuka ni hivi. Kuku na ndege wengine: digrii 74. Nyama iliyosagwa, zikiwemo soseji: digrii 71. Nyama ya nguruwe, mimi huwashauri wagonjwa wangu wafikishe digrii 71 pia, kwa sababu ya tegu. Samaki wa kuiva kwa moshi: digrii 63 katikati ya mnofu, na joto hilo lidumu kwa nusu saa.

Usishtuke ukiona kipande kikubwa kimesimama kwenye digrii 65 au 70 kwa saa nzima au zaidi bila kupanda. Kipimajoto hakijaharibika. Nyama inatoa jasho, na jasho hilo linaipoza kama vile mtungi wa udongo unavyopoza maji. Subiri tu.

Kipimajoto nacho kipimwe

Kabla ya kukitegemea, kijaribu. Jaza gilasi barafu iliyopondwa, utie maji kidogo, ukoroge, kisha uingize ncha ya sindano. Kinapaswa kusoma digrii 0 au karibu yake.

Wengine hutumia maji yanayochemka, na hapo wakazi wa bara hukosea. Maji huchemka kwa digrii 100 kule Mombasa, penye usawa wa bahari. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600, na maji huchemka kwa digrii 94 hivi. Kisumu ni takriban 96. Kwa hivyo kipimajoto kinachosoma 94 katika sufuria ya Nairobi ni kizima. Ukikitupa, umetupa mali.

Baada ya kazi, osha sindano kwa sabuni na maji moto, lakini usiizamishe pale inapoungana na waya. Maji yakiingia hapo, kipimajoto kitaanza kudanganya. Sindano iliyotoka katika nyama mbichi isichomwe katika iliyoiva kabla ya kuoshwa.

Moshi na mpishi

Faida kubwa ya waya mrefu ni kwamba tanuri linaweza kukaa nje nawe ukasoma tarakimu ukiwa mbali. Itumie faida hiyo. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua. Msimu wa mvua nimesikia watu wakiingiza matanuri katika gereji, jikoni au katika roshani zilizozibwa za nyumba za ghorofa. Usithubutu. Anayeota moshi kisha akapata maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu atoke mara moja kwenye hewa safi, kisha apelekwe hospitalini.

Ama kuhusu ulaji, nyama ya moshi isiwe chakula cha kila siku. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliziweka nyama zilizosindikwa, zikiwemo za moshi, katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. Lilikadiria kwamba gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Mara moja moja, pamoja na mboga, si jambo la kumkosesha mtu usingizi.

Ukishaugua

Mabaki ya nyama yasikae mezani zaidi ya saa mbili. Yaingie katika friji, na yapashwe vizuri kabla ya kuliwa tena.

Dalili za salmonela huanza kati ya saa sita na siku sita baada ya kula: kuhara, homa, maumivu ya tumbo na kutapika. Watu wazima wengi hupona wenyewe kwa kunywa maji mengi na maji ya ORS. Usikimbilie kununua antibiotiki dukani. Lakini mwone daktari upesi ikiwa kuna damu katika choo, homa inayokaribia digrii 39, kuhara kunakozidi siku tatu, au mgonjwa hawezi kuhifadhi hata maji tumboni. Watoto wachanga, wajawazito, wazee na wenye upungufu wa kinga wasingojee kabisa.

Yule rafiki yangu alitoboa tundu lake wiki hiyo hiyo. Mwezi mmoja baadaye alinialika, na nikamkuta nyanya ameketi kivulini na kisanduku cha tarakimu mapajani. Kuku alipoletwa mezani, hakuna aliyeruhusiwa kugusa kabla nyanya hajaulizwa. Akavaa miwani, akasoma.

"Sabini na sita," akatangaza. "Lakini chomeni na paja la pili."