Je, Wajua? Tela la Kulalia ni Hotpoti

Kipupwe kimeingia. Mjini Morogoro, mji kasoro bahari, watu wametoa masweta ya mitumba na kujiona wako Ulaya. Lakini inua macho uitazame Uluguru: lile wingu lililolala juu ya mlima lina baridi ambayo mjini hatuijui. Wiki hii safu yetu ni ya yule anayetaka kupanda Mgeta mwezi wa Julai na kulala huko, tena ndani ya tela alilochongewa na fundi wa mageti wa mtaani kwake.

Je, wajua kwamba kutoka Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini hadi Nyandira kule Mgeta unaacha nyuma kama nyuzi 6 au 7 za joto? Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu kila unapopanda mita 1,000. Mji uko kwenye mita kama 500 juu ya usawa wa bahari, Nyandira imezidi 1,500. Ukiendelea kwa miguu hadi uwanda wa Lukwangule, uliozidi mita 2,400, umepoteza nyuzi 12 hivi. Mjini usiku ukiwa nyuzi 16, piga hesabu mwenyewe.

Je, wajua kwamba baridi inaweza kuua mahali pasipo na theluji wala barafu? Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 unaanza kushindwa kazi, na mtu aliyelowa anaweza kufika hapo hewa ikiwa nyuzi 10 tu, mradi upepo upo. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo nguo mbichi inakunyonya joto. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu Uluguru ni mlima wa mvua na ukungu. Mtu akitetemeka, mpe nguo kavu na kinywaji cha moto. Akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, na maneno yakaanza kugongana mdomoni, hajapata nafuu. Hali yake imezidi kuwa mbaya na anahitaji msaada wa haraka.

Je, wajua kwamba hotpoti halina moto wowote ndani yake? Pilau la arusini limepikwa saa 4 asubuhi, saa 9 alasiri bado linatoa mvuke, na hakuna aliyeweka kaa chini yake. Kuta za hotpoti zimejazwa povu lililoshika hewa, na hewa iliyoshikwa isitembee ni kizuizi kikubwa cha joto. Chupa ya chai ni binamu yake, ila yenyewe imeondolewa hewa kabisa katikati ya kuta zake mbili. James Dewar aliibuni mwaka 1892 kwa ajili ya kuhifadhi vimiminika baridi sana maabara. Sisi tukaijaza chai ya tangawizi.

Sasa tela nalo ni hotpoti, na pilau ni wewe.

Je, wajua kwamba mtu mzima aliyelala hutoa joto la wati 70 hadi 80 usiku kucha? Karibu sawa na zile globu za zamani zilizokuwa zinaunguza vidole. Wawili mkilala pamoja ni wati 150. Swali la usiku wa Mgeta ni moja tu: wati hizo 150 zinakwenda wapi?

Tuchukue mfano. Tela lina urefu wa mita 2.2, upana 1.3, kimo 1.2, yaani nafasi ya kulala na kukaa umeinama kidogo. Ukijumlisha kuta, paa na sakafu unapata eneo la mita za mraba 14 hivi. Likiwa bati tupu, joto lenu linapita moja kwa moja, na ndani kutazidi nje kwa nyuzi 2 tu. Nje nyuzi 8, ndani 10. Hapo hamlali, mnasubiri kukuche. Lipige povu gumu la sentimita 3 pande zote sita, uache na matundu ya hewa, na ndani kutazidi nje kwa nyuzi kama 9. Nje nyuzi 8, ndani 17. Huo ni usiku wa Morogoro mjini, mmeupandisha mlimani kwa miili yenu wenyewe. Ukiongeza povu hadi sentimita 5 utapata nyuzi 3 nyingine hivi. Kwa Uluguru mimi ningeishia kwenye 3 na fedha iliyobaki ningenunulia godoro.

Na povu lenyewe? Ni lile jeupe gumu linalokuja limezunguka friji mpya, ndilo pia la maboksi ya kubebea samaki. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kulizidi. Hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea bila kujua: wanaweka povu vizuri katikati ya mabomba ya mraba, kisha wanaacha mabomba yenyewe yakitokeza ndani. Kila bomba ni daraja, na joto litavuka hapo. Mwambie fundi povu lipite hata juu ya mabomba, ndipo plaiwudi ije kufunika. Povu jeupe hushika moto upesi na moshi wake ni sumu, kwa hiyo lisiachwe wazi.

Je, wajua kwamba sakafu ya tela inaweza kuwa baridi kuliko ardhi yenyewe? Tela limeinuka juu ya magurudumu, na upepo wa kusi unapita chini yake usiku kucha. Blanketi tatu juu yako hazikusaidii kama chini umelalia bati. Mwili unaligandamiza blanketi la chini, hewa yote inatoka, na kilichobaki ni kitambaa tu. Anza na chini. Godoro la sponji la inchi 4 lina faida kuliko godoro la kujaza upepo, kwa sababu hewa ndani ya godoro la upepo inazunguka na kulibeba joto lako hadi upande wa baridi. Ndani ya sponji hewa haina pa kwenda.

Je, wajua kwamba watu wawili waliolala hutoa nusu lita ya maji au zaidi kwa usiku mmoja, kwa pumzi na ngozi tu? Mvuke huo ukigusa bati lililopoa unageuka matone. Yeyote aliyelala ndani ya gari sehemu ya baridi anakumbuka vioo vilivyotoka jasho asubuhi, na blanketi zito, bichi, ambalo hakulimwagia maji. Watu husema paa linavuja, kumbe mvua imetoka kwao. Dawa yake ni plaiwudi au kitambaa kinene upande wa ndani, mkono wako usiguse chuma popote, halafu matundu mawili ya hewa: moja chini karibu na miguu, lingine juu upande wa pili. Najua inauma kutoboa kitu ulichokihangaikia ili kizuie upepo. Toboa. Tela la vipimo vile lina hewa ya mita za ujazo 3 na kidogo tu, na ukiliziba kabisa mtaamka, mkiamka, vichwa vikigonga kama ngoma.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya niandike safu hii.

Je, wajua kwamba jiko la mkaa ni hatari zaidi linapokuwa limetulia, halitoi moshi, makaa yamevaa jivu jeupe? Kila msimu wa baridi, kuanzia nyanda za juu kusini hadi kaskazini, tunasikia habari ya familia iliyoingiza jiko chumbani, ikafunga madirisha na haikuamka. Gesi hiyo ni kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikwaruzi koo. Huingia kwenye damu na kushikamana na ile sehemu inayobeba oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, na ikishakaa haibanduki kirahisi. Kichwa kinauma, unahisi kichefuchefu, unasema ni uchovu wa safari. Unapotambua kwamba si uchovu, miguu imeshakataa kusimama. Aliyelala hapitii hata hatua hizo.

Ndani ya chumba cha nyumba jiko linaua. Ndani ya tela, ambalo ni dogo mara 10 kuliko chumba hicho, linaua upesi zaidi. Wala usijidanganye kwamba utalitoa kabla ya kulala: joto lake litakulevya usingizi kabla ya dakika ya kulitoa kufika. Kufungua mlango kidogo nako si kinga. Jiko la gesi, taa ya mafuta, chochote kinachoungua kibaki nje, kichemshe maji huko nje, na ndani yaingie maji ya moto tu.

Je, wajua kwamba maji hayo yanatosha? Lita moja ya maji yaliyochemka, ndani ya chupa ya chuma iliyofungwa vizuri na kuvishwa soksi, ukiiweka kati ya mapaja kwenye mshipa mkubwa, hupasha mwili mzima kwa saa kadhaa. Asubuhi unanawia uso maji yale yale. Huko juu maji huchemka mapema kidogo, karibu nyuzi 95 pale Nyandira, ndiyo maana maharage ya mlimani yanakula kuni nyingi.

Je, wajua kwamba kichwa hakipotezi nusu ya joto la mwili, kama wengi tulivyofundishwa? Ni kama sehemu moja ya kumi. Kofia ivae, lakini usitegemee kofia peke yake.

Je, wajua kwamba pombe hukupa joto la uongo? Hufungua mishipa ya ngozini, damu ya moto ikakimbilia nje, ukahisi umechangamka wakati mwili wa ndani unapoa.

Je, wajua kwamba vinyweleo husimama kwa sababu ile ile inayomfanya ndege ajitunishe manyoya asubuhi? Mwili wako unajaribu kushika hewa. Sisi nywele zimetuishia, ndiyo maana ya sweta.

Je, wajua kwamba simu hufa mapema kwenye baridi hata ikiwa imechajiwa vizuri? Lala nayo ndani ya blanketi.

Je, wajua kwamba kati ya gesi mbili zinazochanganywa kwenye mtungi wa kupikia, butani hukataa kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0, na propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri? Mgeta hutaliona hilo, lakini ukipeleka mtungi juu Kilimanjaro na moto ukawa mnyonge, usimlaumu muuzaji.

Wazee wetu hawakusubiri povu la friji. Nyumba ya msonge ya Wachaga iliezekwa nyasi hadi kugusa ardhi, na ng'ombe walilala humo humo. Ng'ombe mmoja hutoa joto la watu kadhaa. Wairaqw kule Mbulu walichimba nyumba zao ndani ya ardhi, na ardhi haina haraka ya kupoa. Hata Kilimanjaro wenyewe una fundi wake: mmea mkubwa wa jamii ya Dendrosenecio hauangushi majani yake yaliyokufa, unayaacha yavike shina kama koti, na usiku unafunga majani mabichi kuzunguka chipukizi. Ukisimama mbele yake saa za jioni, ukayaona majani yakijikunja, utaelewa kihami-joto ni nini vizuri kuliko nilivyoeleza mimi.

Je, wajua pa kuegesha? Kwanza ujue mwisho wa magurudumu. Barabara inaacha lami ya Iringa pale Sangasanga na kupanda kwa kona kali hadi Mgeta; tela refu litakutesa, fupi litafika. Lukwangule hakufiki tela lolote. Uwanda huo uko ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 na kusimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kibali unakipata Morogoro kabla ya kupanda. Msitu ule ndio unaoulisha mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba tawi moja la kuni si kitu.

Ukiegesha kijijini, omba ruhusa kwa mwenyekiti, kisha usiweke tela bondeni kando ya mto hata kama panapendeza. Hewa baridi ni nzito, inateremka usiku kama maji na kutuama huko. Panda mteremko kidogo tu na utapata nyuzi mbili tatu bure. Usiku wa mawingu utakuwa na joto kuliko usiku wa nyota, kwa sababu mawingu huirudishia ardhi sehemu ya joto lake.

Na je, wajua kwamba baridi kali kuliko zote haiji usiku wa manane? Huja karibu na mapambazuko, kwa kuwa ardhi imekuwa ikipoteza joto tangu magharibi. Mgeta iko upande wa magharibi wa milima, kwa hiyo jua linachelewa. Anga imeshakuwa nyeupe, wakulima wameshashika njia na matenga ya kabichi kichwani, nawe bado uko kivulini mwa mlima. Anayetaka jua la mapema aende upande wa Matombo au Kinole, ila huko ndiko mvua inakonyesha zaidi. Wa Mgeta avumilie: alfajiri mlango ubaki umefungwa, matundu wazi, chupa ya chai karibu na mto, hadi mwanga utakapougusa ukingo wa paa.