Je, kanzidata za hatua za mwisho huziimarisha programu za sataranji?

Kompyuta zimekwisha kubaini matokeo sahihi ya takriban kila hali ya sataranji iliyobakiwa na kete saba au pungufu, wafalme wawili wakiwemo. Hata hivyo, ujuzi huo usio na kosa huziongezea programu za mchezo huo nguvu kidogo tu.

Kanzidata hizo hutengenezwa kwa kurudi kinyumenyume. Kompyuta huanza na hali ambazo mfalme amekwisha kunaswa, kisha hurudi nyuma hatua moja moja hadi kila hali ipate hukumu yake: ushindi, sare au kushindwa.

Uwezo wake ulidhihirika mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1970, programu ya Belle kutoka maabara ya Bell Labs nchini Marekani ilijitetea kwa ngome dhidi ya malkia wa bingwa mkuu Walter Browne. Ingawa mwenye malkia ndiye anayestahili kushinda, Browne hakufaulu ndani ya hatua 50 zinazoruhusiwa. Alijifunza upya, akarudi, akashinda.

Kwa nini faida ni ndogo?

Kwanza, michezo mingi huamuliwa kete zikiwa bado nyingi ubaoni. Pili, kusoma diski huchukua muda ambao programu ingeutumia kukokotoa: kanzidata za Syzygy za hadi kete sita zina takriban gigabaiti 150, na za kete saba huzidi terabaiti 16. Tatu, programu kama Stockfish humudu zenyewe sehemu kubwa ya miisho ya kawaida.

Kanzidata hufaa zaidi pale macho yanapodanganywa: upande mmoja una kete nyingi, lakini ukweli ni sare. Programu huitambua hali hiyo mapema na kuiepuka, au kuikimbilia inapozidiwa.

Katika dama mambo ni tofauti. Mwaka 2007, Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walithibitisha kuwa dama ya ubao wa miraba 64, kwa kanuni za Kiingereza, huishia sare pande zote mbili zisipokosea. Nguzo ya kazi hiyo ilikuwa kanzidata ya hali zote zenye kete 10 au pungufu, katika mchezo unaoanza na kete 24.

Sataranji huanza na kete 32. Kanzidata ya kete saba huijua vyema bandari, lakini safari yenyewe bado hutegemea nahodha.