Kituo Kifungwe Kabla ya Ushahidi Kukamilika?

Huko England, Ofsted, mamlaka inayosajili na kukagua vituo vya kulelea watoto, haisubiri kosa lithibitishwe. Ikiamini kwa sababu za msingi kwamba mtoto huenda akadhurika, inaweza kusimamisha usajili, kwa kawaida wiki 6 kwanza, ili uchunguzi ufanyike. Malalamiko yakiingia, mkaguzi anaweza kubisha hodi bila taarifa: anahesabu watoto na walezi, anatazama watoto wanavyolazwa, anapekua daftari la ajali. Tuhuma za kuumizwa hupelekwa pia ustawi wa jamii na polisi.

Wenye vituo hulalamika kwamba huku ni kuhukumiwa bila kusikilizwa, na kwamba hata jirani mwenye chuki anaweza kumfilisi mtu. Hoja hiyo ina uzito. Ada zikikatika wiki 6, mishahara inalipwa na nini? Wazazi nao hukosa pa kumwacha mtoto. Lakini simu ya jirani peke yake haifungi kituo, mwenye kituo anaweza kukata rufaa kwenye baraza huru, na zuio huondolewa hatari ikiisha. Hasara ya biashara ni ya fedha. Mtoto wa miezi tisa hawezi hata kueleza alichotendewa, kwa hiyo sheria iko sahihi kuanzia upande wake.