Kompyuta ya Utotoni kwa Bei ya Korosho

Malipo ya mnada yakishaingia benki, nyumba nyingi za Nachingwea na Ruangwa huwa na orodha mbili za manunuzi. Ya kwanza husomwa kwa sauti: ada, bati, salfa ya msimu ujao. Ya pili mtu hukaa nayo kichwani. Maelezo haya ni ya yule ambaye kwenye orodha ya pili ameweka kompyuta ya zamani, ile ya kuchomeka kwenye TV, na anataka kujua itamgharimu kiasi gani kabla mwenzake hajauliza.

Tukubaliane kwanza ni utoto wa nani tunaoununua. Video za wapenzi wa mashine hizi zimejaa Commodore 64 na ZX Spectrum, zote za mwaka 1982. Huku kwetu hazikufika. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, na Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni hadi 1994. Mwaka huo huo kampuni ya Commodore ikafilisika. TV zilipoanza kuingia majumbani, wenzetu walikuwa wameshazitupa kompyuta zao stoo.

Sisi tuliletewa gemu za Kichina zilizoigwa kutoka Famicom ya Nintendo ya mwaka 1983, tukazicheza kwa jirani mwenye TV na kwenye vibanda umiza. Nyingine zilikuwa na kibodi nzima, na kaseti iliyoandikwa “9999999 in 1” ambayo ukiihesabu ina gemu chache tu zinazojirudia kwa majina tofauti. Aliyebahatika kuipata ya kibodi alipata na BASIC, akaandika amri mbili tatu na kuona TV ikimtii. Tena prosesa ya mashine hizo ni ya ukoo wa 6502, ukoo uliozaa 6510 iliyomo ndani ya Commodore 64. Ni mabinamu. Kwa hiyo asikusimange mtu kwamba ulichochezea utotoni kilikuwa feki.

Njia ya bure ianze. Emyuleta ni programu inayoifanya simu au laptop ijifanye mashine ya zamani: VICE kwa Commodore, Fuse kwa Spectrum. Gharama yake ni bando, na ukitaka kuandika vizuri kwenye simu, kibodi ya USB na waya wa OTG. Kampuni ya Amstrad, iliyoinunua Spectrum kutoka kwa Sinclair mwaka 1986, iliruhusu programu ya ndani ya mashine hiyo isambazwe pamoja na emyuleta. Nintendo haina ukarimu huo, na gemu zake bado zina haki miliki. Kaa na emyuleta wiki moja. Wengi hamu huwaishia hapo, na fedha inabaki benki.

Hamu isipokuisha, kuna mashine mpya zenye sura ya zamani. The Spectrum iliyotoka Novemba 2024 ilianza kuuzwa kwa takriban dola 100, ikiwa na gemu 48 ndani na vitufe vya mpira vinavyobonyezeka kweli. Ukikadiria dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni shilingi 250,000 kabla ya usafiri. Kwa korosho ya shilingi 3,000 kwa kilo, ni kilo 83. Usiichanganye na THEC64 Mini ya 2018, ambayo kibodi yake ni pambo tu. Raspberry Pi 500, kompyuta kamili iliyofichwa ndani ya kibodi, ilitoka Desemba 2024 kwa dola 90, yaani kilo 75. Nduguye mkubwa, Pi 400, alianza na dola 70 mwaka 2020. Pi hizi zinabeba emyuleta zote, na mchana mtoto anafanyia kazi za shule, jambo linalosaidia sana orodha ya pili ikigundulika. Tena Afrika Mashariki kompyuta haitozwi ushuru wa forodha, ila kifaa cha michezo ya video kinatozwa, hivyo maelezo yanayoandikwa kwenye karatasi za mzigo yana bei yake.

Halafu kuna anayetaka Commodore yenyewe, ya plastiki iliyogeuka njano. Akiamua, anunue ya Uingereza. Umeme wao unaendana na wetu, plagi ni ile ile ya pini tatu za mraba, na picha yake ni ya mfumo wa PAL unaokubaliwa na TV zetu. Ya Marekani ni ya volti 120 na mfumo wa NTSC. Utaanza kutafuta transfoma kabla hujaona herufi moja. Lakini hata ya Uingereza ina ugonjwa unaojulikana: adapta yake ya asili ikizeeka huruhusu volti zaidi ya 5 zipite, na chipu za kumbukumbu zinaungua kimya kimya. Tena inataka volti 9 za AC pamoja na volti 5 za DC, kwa hiyo nyumba ya sola haiwezi kuiwasha moja kwa moja kutoka kwenye betri, lazima inveta. Unalipia mashine, adapta mpya, usafiri na forodha, kisha unamtafuta fundi aliyewahi kuiona. Mimi nisingejaribu, labda kama ningekuwa fundi mwenyewe.

Fedha yangu ningeiweka kwenye gemu ya Kichina ya kibodi, na TV ya chogo. Gemu nyingi za aina hii hutumia adapta ndogo ya volti 9 za DC, kitu ambacho fundi redio yeyote anakijua, na haisumbui sola. TV ndiyo inayokula umeme, wati 50 na zaidi, ila watu wanazigawa kwa bei ya kutupa tangu flati zilipoenea. Wala king'amuzi hakihitajiki. Waya wa AV unatosha. Na ile bastola ya kupigia bata inafanya kazi kwenye TV ya chogo peke yake. Kwenye flati utafyatua mpaka kesho na bata hafi.

Ina ubaya wake. Ndani utakuta doa jeusi la gundi badala ya chipu za kuchomoa. Doa likifa, mashine imekufa. Programu uliyoiandika kwa BASIC huenda haina mahali pa kuhifadhiwa, umeme ukikatika imeondoka, kwa hiyo weka daftari pembeni. Kaseti ikigoma, usiipulize kama tulivyokuwa tukifanya, mate yanaleta kutu. Pamba na spiriti vinatosha.

Usafiri ni hesabu nyingine. Kibodi inakuja na basi kutoka Dar es Salaam bila shida, TV ya chogo tafuta huku huku. Epuka pia kuagiza wakati wa masika. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar–Lindi ilikatika eneo la Somanga, na mizigo ikalala njiani na wenyewe.

Dukani dai mashine iwashwe mbele yako, ubonyeze kila herufi ya kibodi, kisha uzime na uwashe tena. Omba na pedi ya ziada kabla hujamaliza kulipa, maana kitufe cha kurukia ndicho hufa kwanza, na kuipata pedi peke yake baadaye ni kazi.