Mundu Katika Damu: Swali Lisiloulizwa Wakati wa Posa

Ni ada ya watu wa mwambao, tangu Lamu hata Vanga, kwamba posa inapoletwa wazee hukaa chini wakauliza nasaba. Kijana huyu ni mwana wa nani? Babu yake alitoka wapi? Nyumba yao ina sifa gani? Maswali haya ni mema, na ndoa nyingi zimesimama juu yake. Lakini liko swali moja lihusulo damu yenyewe ambalo aghalabu halitajwi, na kutotajwa kwake kumewaliza wazazi wengi: Je, wachumba hawa wamepimwa seli mundu?

Maradhi haya si mageni kwetu. Mtoto huzaliwa mzima, na baada ya miezi kadhaa huanza kuvimba vidole vya mikono na miguu, kulia kwa maumivu ya mifupa, macho kugeuka manjano na damu kumpungua mara kwa mara. Majirani husema karogwa, ama ana shetani wa ukoo, na lawama humwangukia mama. Ukweli ni kwamba hakuna aliyeroga, wala hilo si la mama peke yake. Mtoto amerithi pande zote mbili, kwa baba na kwa mama.

Mwaka 1910 Daktari James Herrick wa Chicago, huko Marekani, alichapisha habari za kijana mmoja mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, kwake zilionekana kwa darubini zimepinda kama mundu. Chembe za namna hiyo hukwama katika mishipa myembamba, damu ikazuiwa njia, na hapo ndipo maumivu huja.

Sasa tazama hesabu ya urithi. Kila mtu ana jeni mbili za jambo hili, moja ya baba na moja ya mama. Aliye na jeni moja ya mundu na moja nzima huwa hana maradhi. Hula, hulima, huvua samaki, na aghalabu hajijui. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto mgonjwa, nafasi mbili za kuzaa mtoto aliye kama wao, na moja ya kuzaa mtoto asiye na mundu kabisa. Wengi hukosea hapa, wakadhani akishazaliwa mgonjwa mmoja basi watatu wafuatao wamesalimika. La! Kila mimba huanza hesabu yake upya.

Hapo huja fumbo. Zamani watoto wenye maradhi haya walikufa wengi kabla ya kufikia umri wa kuoa au kuolewa. Ingetazamiwa basi kwamba jeni hiyo ingepungua kizazi baada ya kizazi hata itoweke. Mbona haikutoweka?

Aliyelifumbua fumbo hili alikuwa Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyelelewa Kenya. Mwaka 1949 alizunguka nchi yetu akikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona jambo la ajabu. Kwa watu wa Pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, mahali pengine zaidi ya mtu mmoja katika kila watano alikuwa na jeni ya mundu. Kwa watu wa nyanda za juu zenye baridi, jeni hiyo ilikuwa haba mno. Akajiuliza, Pwani na Ziwa vina nini pamoja ambacho milima haina? Jawabu lilikuwa mbu, na homa ya malaria. Mwaka 1954 alitangaza kwamba mwenye jeni moja ya mundu ana kinga dhidi ya malaria. Uchunguzi uliofanywa baadaye hapa kwetu Kilifi umeonyesha kwamba kinga hiyo hupunguza malaria kali kwa takriban asilimia 90.

Basi ndivyo malaria ilivyochagua. Mtoto asiye na mundu kabisa aliweza kuuawa na homa. Mwenye mundu pande mbili aliuawa na damu yake. Wa katikati aliishi, akaoa, akazaa, akairithisha jeni. Hivyo ndivyo umma mzima wa watu unavyobadilika damu yake polepole, bila mtu yeyote kukusudia. Na mahali ambapo malaria hakuna, faida ile huondoka ikabaki hasara tupu. Miongoni mwa Wamarekani wenye asili ya Afrika, leo wenye jeni moja ya mundu ni kama mmoja tu katika kila kumi na watatu.

Je, mabadiliko kama haya yaweza kuwafanya watu wa pwani na wa bara kuwa viumbe wa namna mbali? Hapana, maana wanadamu hawajaacha kuoana. Majahazi ya kusi na kaskazi yamechanganya damu za mwambao na za Uarabuni kwa karne nyingi, na seli mundu iko Oman na Bahrain kama ilivyo hapa. Ni kwa mbu ndipo tuonapo utengano ulipofika mwisho wake. Yuko mbu wa malaria azaliaye maji matamu, na yuko ndugu yake wa pwani azaliaye maji ya chumvichumvi karibu na mikoko. Kwa macho ni vigumu kuwatofautisha, lakini wakichanganywa, watoto wao wa kiume huwa tasa. Hao wameshakuwa namna mbili.

Tukirudi kwenye posa, wanaooana mtu na binamu yake wana jambo la kuzingatia zaidi, kwa kuwa babu yao ni mmoja, na kama alikuwa na jeni ya mundu yawezekana wote wawili wameirithi. Lakini asijidanganye aoaye mbali. Katika mwambao ambao jeni hii imeenea, mgeni naye aweza kuwa nayo.

Saudi Arabia imewalazimisha wachumba kupimwa tangu mwaka 2004, na baada ya majibu uamuzi huachiwa wao wenyewe. Kwetu hatuhitaji kungoja kulazimishwa. Ni tone la damu hospitalini. Na ambao wameshajaaliwa mtoto mgonjwa wasikate tamaa: utafiti uliotangazwa mwaka 2019, ambao Kilifi ilishiriki, ulionyesha kwamba dawa ya haidroksiyurea hupunguza maumivu na vifo kwa watoto wa Afrika.

Wazee wetu walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Kuuliza habari za damu siku ya posa kwaweza kuleta haya kidogo barazani. Lakini haya ya siku moja ni nyepesi kuliko kilio cha mtoto usiku kucha, mwaka baada ya mwaka.