Nyumba za Mji wa Kale: chokaa, simiti na mirathi

Ukipita Kibokoni au Ndia Kuu Jumapili asubuhi huenda ukawakuta: vijana kama kumi na wazee wawili watatu, wamebeba ngazi, ndoo na mapanga, wanapanda paa la nyumba isiyo yao. Wapita njia huwauliza wanalipwa na nani. Hawalipwi na mtu. Ni watu wa mtaa waliojitolea kuzishika nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa zisianguke. Wapo wanaodhani wanapaka rangi ili watalii wapige picha, na kwa hivyo nimeona niieleze kazi yenyewe, maana ina ilimu ndani yake.

Kuta za nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Dari zimelazwa juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti nzuri haizidi sana mita 3, vyumba vya wazee wetu vikawa vyembamba na virefu. Chokaa nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuu la kuni, kisha ikazimwa kwa maji na kuachwa ikae siku nyingi kabla ya kutumiwa. Ukuta wa namna hii unapumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini na ule wa mvua huingia, kisha jua na upepo wa bahari huutoa.

Sasa huja fundi wa leo na simiti. Ukuta ukimenyeka anaukandika plasta ngumu, unang'aa, mwenye nyumba anafurahi. Lakini simiti haipitishi unyevu vizuri. Maji yanabaki ndani, na chumvi iliyomo inaganda nyuma ya ile plasta na kulisaga jiwe polepole. Baada ya miaka michache plasta inabanduka kama ganda, na ukigusa nyuma yake unakuta unga. Mwenye nyumba analaumu uzee wa jengo, anaita fundi mwengine, na simiti inarudi nene zaidi.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya kikundi ni kubandua: kuondoa simiti taratibu bila kulivunja jiwe, kuuacha ukuta ukauke, kisha kuupaka chokaa. Kazi nyengine ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani, nayo ni kuzibua gata, kurudisha bati lililopeperushwa, na kung'oa miche inayoota kwenye nyufa. Ndege hudondosha mbegu ya mkuyu juu ya ukuta, na mche wa urefu wa kidole leo ndio mzizi utakaoutenganisha ukuta kesho. Paa likivuja, ncha ya boriti iliyozama ukutani huoza kwanza, mahali usipopaona, na dari hushuka siku moja bila kubisha hodi. Chini yake kuna watu wamelala. Na hata nyumba ikiwa tupu, ukuta wake uko juu ya njia wanayopita watoto wa chuoni.

Lakini nikiulizwa mimi, nitasema simiti si adui mkubwa. Adui mkubwa ni mirathi iliyoachwa bila kugawanywa.

Chukua mfano. Mzee amefariki, ameacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti wawili. Kwa sharia yetu mke ana thumni, na kinachobaki wanagawana watoto, mwana wa kiume hisa mbili za binti. Nyumba inakuwa mafungu 48: mke 6, kila mwana wa kiume 14, kila binti 7. Hapo bado ni rahisi. Sasa watoto nao wafariki kabla ya kugawana, mmoja ana warithi Muscat, mwengine Malindi. Utakuta nyumba moja ina wenyewe thelathini, na hakuna hata mmoja anayeona haja ya kununua bati kwa ajili ya fungu lake. Kila mtu ana haki, na gata halina mwenyewe.

Sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006 ipo, na Mji wa Kale una ofisi yake ya uhifadhi chini ya Makavazi ya Kitaifa, ambayo mtu anatakiwa aipitie kabla ya kubomoa au kubadilisha jengo. Lakini sheria inaweza kumzuia mtu kubomoa. Kumfanya atengeneze ni jambo jengine. Na tukumbuke kwamba Lamu mji wa kale mzima umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, ilhali hapa kwetu kilichoingia mwaka 2011 ni Ngome ya Yesu peke yake. Nyumba zilizo hatua chache kutoka lango la ngome hazimo.

Wapo wanaosema zibomolewe, zijengwe ghorofa za kupangisha. Siwabezi, kodi inalisha watu. Ila wengi wanaouza hawauzi kwa kutaka ghorofa. Wanauza kwa kuwa nyumba imeshafika hali ambayo hakuna jengine la kufanya, na mara nyingi mlango wa nakshi huwa umeshatangulia kwenda kwa wanunuzi.

Kwa hivyo kazi ninayoiona ya maana kuliko zote haifanyiki juu ya ngazi. Wazee wa kikundi huwatafuta warithi mmoja mmoja kwa simu, huwashauri waende kwa Kadhi hisa ziandikwe, na wakikubaliana, wamteue mmoja wao awe msimamizi: apokee kodi ya duka la chini na atoe humo pesa za paa kabla ya kugawa. Hawawahubirii watu juu ya turathi. Huwaonyesha hesabu.

Kwa sasa chokaa ya msimu huu imeshazimwa na imo shimoni. Kinachokwamisha ni ruhusa, kwani kikundi hakipandi paa la mtu bila idhini ya wenyewe. Warithi walio mbali wanaweza kuituma kwa maandishi, karatasi moja yenye majina na sahihi, na ifike kabla ya masika.