Zebaki na Wachimba Dhahabu

Maongezi ya leo yahusu zebaki, madini majimaji yang'aayo kama fedha. Yajulikana sana Geita, Chunya na Migori, na penginepo ambapo watu huchimba dhahabu kwa mikono yao.

Mchimbaji husaga mawe, akachanganya unga wake na maji na zebaki. Zebaki hushika chembe za dhahabu, mchanga ukaachwa. Akiisha kukamua kwa kitambaa, hubaki na donge la kijivu. Donge hilo hulichoma: zebaki hutoka kwa mvuke, dhahabu hubaki. Hapo ndipo ilipo hatari kubwa.

Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Mtu akiuvuta, karibu sehemu 4 katika 5 hubaki mwilini, zikachukuliwa na damu mpaka kwenye ubongo na figo. Tena zebaki hutoa mvuke kidogo kidogo hata bila moto; kwa hiyo chupa iliyo wazi chini ya kitanda si kitu cha kudharau.

Avutaye mvuke mwingi kwa mara moja hukohoa, kifua humbana, na pumzi humwia ngumu, huweza kufa. Avutaye kidogo kila siku hupatwa polepole: mikono hutetemeka, usingizi hupotea, fizi huvimba, naye huwa msahaulifu na mwepesi wa hasira. Basi ukimwona mchimbaji anatetemeka, usiharakie kusema kuwa ni pombe au karogwa. Huenda ni zebaki.

Zebaki imwagwayo mtoni haipotei. Vijidudu vya matopeni huigeuza kuwa sumu kali zaidi, ikaingia katika samaki wadogo, kisha katika wakubwa walao wadogo. Sumu ya namna hiyo, iliyotoka kiwandani, ndiyo iliyowadhuru watu wa Minamata, katika nchi ya Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956. Walizaliwa huko watoto vilema, ingawa baadhi ya mama zao walionekana wazima.

Je, tufanyeje? Kwanza, donge lisichomwe nyumbani wala jikoni, wala katika sufuria ya chakula. Wenye mimba na watoto wakae mbali kabisa.

Pili, kitumike chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba. Mvuke hupita katika bomba lililopozwa kwa maji, ukarudi kuwa zebaki, nayo hutumika tena. Hivyo mchimbaji huokoa afya yake na fedha zake. Walakini hata chombo hiki kitumiwe nje, penye upepo. Kitambaa cha puani hakizuii mvuke.

Tatu, zebaki ikimwagika sakafuni usiifagie, maana ufagio huitawanya. Fungua madirisha, uwaondoe watoto, uikusanye kwa karatasi ngumu mbili, uitie katika chupa yenye maji, uifunge sana. Nguo za kazi zisichanganywe na nguo za nyumbani.

Nne, aliyevuta mvuke aondolewe upesi mahali pale, apate hewa safi, apelekwe hospitali. Amwambie tabibu kazi aifanyayo, ili apimwe mkojo. Wengi hunywa maziwa wakidhani yaondoa sumu; maziwa hayaondoi zebaki iliyokwisha kuingia kwa pumzi. Dawa za kuipunguza zipo, lakini ni juu ya tabibu kuamua nani apewe.

Mwaka 2013 mataifa yalikubali Mkataba wa Minamata, nao ulianza kutumika mwaka 2017. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba huo wataka nchi zenye wachimbaji wengi wadogo zichukue hatua za kukomesha uchomaji wa donge hadharani bila chombo, na uchomaji wo wote katika makazi ya watu. Lakini mkataba hauingii nyumbani kuuzima moto. Mwenye nyumba ndiye awezaye. Nanyi wanafunzi, wasomeeni maneno haya wazee wenu wasiojua kusoma, kabla donge la kesho halijatiwa motoni.